Anna Magnani ni nani?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mkahawani ninapofanya kazi, hapa Malindi, pana picha ya Anna Magnani. Wazee wa Kiitaliano wakiitazama, machozi yanawalenga. Kwa nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo ni mwigizaji wa Kiitaliano. Alizaliwa Roma mwaka 1908, akalelewa na bibi yake, akachekesha watu jukwaani pamoja na mchekeshaji Totò. Kilichomtukuza ni filamu Roma città aperta ya 1945. Humo anakimbilia lori la Wajerumani lililombeba mchumba wake, wanampiga risasi barabarani. Mimi sehemu hiyo siitazami mbele za watu! Mwandishi wa Kimarekani Tennessee Williams alimwandikia tamthilia The Rose Tattoo. Filamu ya tamthilia hiyo ikampa Oscar 1956, Mwitaliano wa kwanza kushinda mwigizaji bora wa kike. Alifariki 1973. Waombe hao wazee wakusimulie, watafurahi.