Ukitaka ruzuku ya kuvuna joto la kiwandani, anza na mita

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa kijana mmoja, mhandisi kwenye kiwanda cha vigae huko Kenya. Ameandika: "Dada, nasikia uliwahi kupata ruzuku ya serikali ya Uingereza kwa mradi wa kuvuna joto linalopotea. Naomba unitumie ile fomu uliyojaza, niifuate." Nilimjibu kwa kifupi nikamwahidi kuandika kwa kirefu, maana si yeye wa kwanza, na kila anayeniandikia anataka fomu. Fomu siitumi. Ukiijaza kwa namba zangu watakukatalia, na watakuwa na haki.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha matofali Staffordshire, katikati ya Uingereza, mkoa ulioishi kwa udongo wa mfinyanzi tangu enzi. Tanuri letu ni la handaki: vigari vilivyopangwa matofali vinaingia upande huu, vinasukumwa pole pole kupita kwenye moto, vinatokea upande wa pili. Halizimwi usiku wala mchana, Krismasi wala Pasaka, isipokuwa kwa matengenezo. Moshi unatoka kwenye bomba ukiwa na nyuzi mia mbili na kitu. Nyuma ya ukuta, hatua chache tu, vyumba vya kukaushia matofali mabichi vilikuwa vinachoma gesi yao wenyewe ili vipate hewa ya moto. Kila nikipita pale roho iliniuma, maana joto la moshi ule lingeweza kuvilisha vyumba vile.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza mfuko wa pauni milioni 315 wa kusaidia viwanda kupunguza matumizi ya nishati na hewa ya ukaa, Industrial Energy Transformation Fund, ambao wote tuliuita IETF. Mwaka huohuo kulikuwa na mpango mwingine mdogo wa pauni milioni 18, mahususi kwa joto linalopotea viwandani, kwa England na Wales. Wenye viwanda wakachangamka. Uongozi wetu nao ukamleta mshauri elekezi kutoka nje.

Niliomba nishiriki kuandika maombi ya IETF. Nikaambiwa kazi yangu ni kumtembeza mgeni. Nikamtembeza, nikamshikia na ngazi. Alisoma nyuzi joto kwenye paneli, akapiga picha, kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshaondoka. Hesabu yake ilikuwa hivi: hewa ya moto kilo 5 kwa sekunde, ikipozwa kutoka nyuzi 220 hadi 120, inatoa kama kilowati 500. Tanuri linawaka saa 8,000 kwa mwaka, kwa hiyo joto tunalookoa ni megawati-saa 4,000, yaani kilowati-saa milioni nne. Kwenye karatasi ilipendeza sana.

Maombi yakakataliwa. Katika kikao cha kujadili sababu nilinyoosha mkono nikasema tanuri ndilo linalowaka saa 8,000, vyumba vya kukaushia haviwaki hivyo. Vilikuwa vinakwenda kwa zamu mbili na Jumapili vinafungwa. Ukijumlisha mwaka mzima ni kama saa 5,000. Saa hizo nyingine zote hilo joto analitumia nani? Hakuna aliyejibu. Mtu mmoja akaniomba niandike kumbukumbu za kikao. Miaka imepita na sijalisahau, na wala sioni sababu ya kulisahau.

Mkataba wa mshauri ulipokwisha, kazi ikanirudia. Nilianza kwa kufunga mita ya gesi kwenye vyumba vya kukaushia, kwa sababu mpaka siku hiyo kiwanda kizima kilikuwa na mita moja getini na hakuna aliyejua vyumba vile vinakula kiasi gani. Nikaacha mita isome majira yote, kiangazi hadi kiangazi. Halafu nikaenda kwenye moshi wenyewe. Udongo wa matofali una florini na salfa, na ukichomwa vinatoka na moshi kama gesi za tindikali. Moshi ukipoa kupita kiasi, tindikali inageuka umande na kukaa juu ya chuma. Nilifunga kipande cha chuma cha kawaida kwa waya, nikakitumbukiza kwenye bomba sehemu ambayo moshi umeshapoa, nikakiacha. Nilipokitoa kilikuwa kimevimba, na tabaka zake nilizibandua kwa ukucha. Ile mitambo ya nyuzi 120 ya mshauri ingekuwa imetoboka kabla haijalipa gharama zake.

Kwa hiyo nikaandika maombi madogo kuliko ya kwanza. Tutapoza moshi hadi nyuzi 150 tu, tindikali isitufikie. Hapo kilowati zinashuka hadi 350. Saa ni 5,000, si 8,000. Jumla megawati-saa 1,750, chini ya nusu ya namba ya kwanza, na tani 300 na ushei za hewa ya ukaa kwa mwaka. Bosi mmoja alinung'unika kwamba namba ni ndogo, hazitashindana. Nikaambatisha usomaji wa mita, ratiba za zamu, picha ya kile chuma, na bei za wazabuni kwa maandishi.

Tukapata. Mkurugenzi aliisoma barua mbele ya wafanyakazi wote, akaniita mbele, binti wa Tanga, na mafundi wa tanuri ndio waliopiga makofi kwa nguvu zaidi. Wao walijua nani alipanda ile ngazi.

Sasa sikilizeni, wadogo zangu. Wanaopima maombi ni wahandisi kama nyinyi, tena wameona mengi. Wataangalia kama joto lina mtumiaji, kama anatumia saa ileile linapotoka, na kama umepima au umekisia. Pima. Halafu usiagize hata bomba moja kabla hujasaini mkataba wa ruzuku: gharama ulizoingia kabla hazilipwi, na ukishaanza kazi umewaonyesha kwamba ungefanya hata bila msaada wao. Tena ruzuku hailipi kila kitu. Inalipa asilimia tu ya gharama, kampuni ndogo ikipewa asilimia kubwa kuliko kampuni kubwa, na fedha zinakuja baada ya ninyi kutumia za kwenu. Mkurugenzi asiyejua hilo mapema atawaangusha katikati ya mradi. Na pimeni, narudia, kwa sababu wengi mnalisoma hili neno halafu mnarudi kuomba fomu.

IETF yenyewe sasa haipokei maombi mapya. Wewe kijana wa vigae hiyo isikukatishe tamaa, maana una kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Kanuni za usimamizi wa nishati za Kenya za mwaka 2012 zilitaka kiwanda kinachotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu, na kitekeleze angalau nusu ya uokoaji uliobainishwa. Kiwanda cha vigae hakiwezi kukosa kuwa humo. Basi ripoti inapaswa kuwepo, pengine imefungiwa kwenye kabati la mtu. Iombe. Tafuta ukurasa wa tanuri, uulinganishe na risiti za mafuta za mwaka mzima, kisha nenda kwa msimamizi wa zamu uchukue ratiba ya vikaushio. Ukiwa na karatasi hizo tatu, niandikie tena, tutakaa kuzipiga hesabu pamoja.