Kichwa cha Scania kilichokunjamana rangi: usikitupe

Mkuu, umeuliza kwa nini kichwa chako cha Scania cha skeli ya 1/24, yaani modeli ya plastiki iliyo ndogo mara 24 kuliko lori la kweli, kimekunjamana rangi kama utando wa maziwa ya moto, na kama ukiokoe au ukitupe. Usikitupe. Niko Pasua, Moshi, mwaka wa tisa huu naunga na kupaka malori madogo, na yaliyokukuta yalinikuta kwenye modeli yangu ya kwanza, zawadi ya shemeji yangu aliyetoka nayo Ujerumani.

Nilienda duka la rangi za magari nikasema nataka kupulizia plastiki. Nikapewa rangi na ile thina kali ya gereji. Nikapiga mkono mzito, nikaenda kula. Niliporudi mlango wa dereva ulikuwa umelainika na kitasa kimefutika, hakuna hata alama yake. Plastiki ya modeli hizi ni polistireni, na thina ya gereji inaiyeyusha. Bampa ya gari la kweli ni plastiki ya aina nyingine, inavumilia, kwa hiyo aliyeniuzia alikuwa anasema anachokijua.

Sasa shika kichwa chako, kiinamishe kwenye mwanga wa dirisha na upitishe kucha kwenye mikunjo. Ikibanduka kama ganda, ni rangi tu iliyokunjamana. Mara nyingi ni kwa sababu chini kulikuwa na rangi ya mafuta ambayo haijakauka ndani, halafu juu yake ukaweka rangi kali. Hiyo inatibika: vaa glavu, loweka kichwa kwenye mafuta ya breki usiku mmoja, asubuhi sugua kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Kabla ya kuloweka chote jaribu kwenye kipande kilichobaki cha ile fremu ya plastiki ambayo vipande vya modeli huja vimeshikamana nayo. Kucha ikikwama, basi plastiki yenyewe imeliwa. Hapo ni msasa wa maji namba 400, kisha 600, puti palipochimbika, umalizie na 1000. Kitasa nilikitengeneza upya kwa uzi wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, na ndicho kitasa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuweka.

Ukianza upya, osha vipande vyote kwa sabuni, maana vinatoka kiwandani na mafuta yanayopakwa ili visinase kwenye kalibu. Tumia rangi ya akriliki, ile inayochanganywa na thina yake yenyewe. Mikono mitatu myepesi, umbali wa sentimeta 15 hadi 20. Mkono wa kwanza usifunike. Ukiona plastiki bado inachungulia, umefanya sawa. Na hali ya hewa yetu uiheshimu. Masika yakikaza usipulizie rangi yenye thina kali hata juu ya praima, unyevunyevu unaingia kwenye rangi na inapauka nyeupe. Julai baridi ikishuka kutoka mlimani, rangi inachukua muda mara mbili kukauka. Mimi kipindi hicho nakata na kugundisha tu. Gundi nayo inashika kwa kuyeyusha plastiki, kwa hiyo kwangua rangi mahali vipande vinapokutana.

Vipande vinavyong'aa kama kioo, yaani rimu, showi (grili ya mbele) na tangi, viloweke kwenye jiki. Ule mng'ao unatoka wote. Usiogope. Hakuna lori la mzigo linalong'aa hivyo baada ya safari moja ya Dar.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi, kwa sababu rangi safi inafundishika kwa wiki moja, lakini wengi wanaishia hapo. Wanapaka lori la kwenye picha ya boksi. Nenda Himo, pale Njia Panda, malori ya Holili, mpakani na Kenya, yanapopumzika. Salimia dereva, mwombe uangalie, hakuna aliyewahi kuninyima. Mzee mmoja mwenye Scania 113 alinishikia tochi nikiwa chini ya difu. Nilichoandika siku ile: tairi si nyeusi, ni kijivu cha jivu, na ukingo wake una rangi ya udongo. Chini ya kifuniko cha tangi la dizeli kuna mchirizi mweusi unaokamata vumbi. Ngazi ya dereva imechubuka hadi bati, ya utingo imechubuka pembeni tu, kwa sababu yeye anaruka lori likiwa bado halijasimama. Chini ya dirisha la dereva, pale anapoegemeza kiwiko, rangi imefifia duara. Hayo hayamo kwenye boksi lolote.

Udongo nilijaribu ule wa kweli, niliuchekecha kwa kitambaa cha soksi. Kwenye 1/24 chembe moja ya mchanga inaonekana kama kokoto. Dawa niliipata duka la vifaa vya ujenzi: rangi ya unga ya sakafu, ile nyekundu. Ni oksaidi ya chuma, laini kuliko poda. Changanya na chaki nyeupe iliyosagwa mpaka upate rangi ya barabara unayoitaka. Kwa wekundu wa migombani Kibosho chaki ni kidogo, kwa vumbi la tambarare la kuelekea TPC, kwenye mashamba ya miwa, chaki ni nyingi na masizi kiasi. Paka kwa brashi laini, kisha gusa kwa spiriti kidogo ili ishike. Anzia kwenye madigadi ukipanda juu, vumbi linapotokea.

Mengine kwa kifupi. Boksi lako likija na usukani kushoto, kata dashibodi uigeuze, na waipa pia, maana zimelala upande usio wetu. Namba ya lori la biashara ni nyeupe, ya njano ni ya gari binafsi; nimeona modeli nzuri sana ikiharibiwa na hilo. Tela la kontena usinunue, omba vipande vya plastiki kwa mafundi wa mabango ulikate mwenyewe. Kontena la futi 40 lina mita 12.19, ukigawa kwa 24 unapata milimita 508, na upana wa mita 2.44 unakuwa milimita 102.

Wakati kichwa kimelowa kwenye mafuta ya breki, piga praima kwenye chesisi. Haionekani sana, mkono wako utazoea hapo. Na ukishaosha kichwa kikakauka, weka picha yake hapa tukione kabla hujagusa puti.