Rubani wa Malindi na Jua la 2027

Swali: Ankal, mimi rubani na nna Cessna 172 hapa Malindi, tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, nataka niruke nikalione toka angani, yawezekana?

Jibu: Yawezekana mwanangu, lakini huku kwetu litapatwa sehemu tu, giza kamili liko kule Luxor, Misri, zaidi ya dakika 6 mashallah! Sasa angalia hili, jua la Luxor litakuwa karibu utosini na bawa la Cessna liko juu ya kichwa chako, litakuziba usione kitu. Mie nakushauri utue siku moja kabla utazame ukiwa chini, Agosti kule mawingu ni nadra. Ukishikilia kuruka basi chukua rubani mwenzio ashike usukani, na miwani iwe ile maalumu ya kutazamia jua. Vibali vya anga omba mapema.