Tegeta hadi Posta kila siku, Dodoma mwisho wa mwezi: gari lipi?

Mkuu, umeuliza uchukue gari la umeme mtupu au haibridi kwa safari hizo za kutoka Dar. Kwa safari hizo mbili na gari moja tu nyumbani, chukua haibridi ya kuchomeka, yaani yenye injini ya petroli pamoja na betri unayoichaji kwenye umeme. Ungekuwa huendi Dodoma ningekwambia umeme mtupu bila kusita.

Angalia hesabu. Nissan Leaf ni umeme mtupu, na za mwanzo zina betri ya kWh 24 (kWh ni uniti ya umeme). Ukiwasha AC, na betri yenyewe imeshachoka, Morogoro hufiki. Mitsubishi Outlander PHEV, haibridi ya kuchomeka, za mwanzo zina kWh 12 hivi: Posta unakwenda kwa umeme, foleni ya Mwenge haikusumbui, na Dodoma petroli inakupeleka. Ila usipoichaji, unabeba betri nzito bure na mafuta italamba tu.

Ukitamani Leaf, tazama dashibodi, kulia kabisa: kuna vijistari 12 vya afya ya betri. Vikiwa 8, achana nayo hata bei ikiwa tamu. Betri yake haina mfumo wa kuipoza, na joto letu unalijua.

Umesema umepanga nyumba na mita ya LUKU mnachangia. Hapo ndipo ugomvi utaanzia, kwa hiyo ongea na mwenye nyumba kabla ya kulipia gari. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini ya peke yake yenye ethi (waya wa kwenda ardhini). Ekstensheni ya dukani isahau, inayeyuka usiku mmelala.

Na zile nyaya za rangi ya chungwa ndani ya gari, za umeme mkubwa, fundi wa mtaani asiziguse. Zinaua.