Kuhusu bandeji ya kifua na sindano za kununua kwa siri

Kaka, nimekuelewa: ulizaliwa msichana, unajijua mwanaume, unafunga kifua kwa bandeji, na sasa kuna mtu anataka kukuuzia sindano za testosteroni, yaani homoni ya kiume. Umesema pia una huzuni hadi hutamani kuamka. Nimepita njia hiyo.

Bandeji iache leo. Hukaza na inaweza kuumiza mbavu. Tafuta fulana maalumu ya kubana kifua, usiivae zaidi ya saa 8, wala usilale nayo. Mimi nilikuwa mbishi hadi maumivu ya mgongo yaliponifunza.

Sindano usichome bila daktari. Testosteroni huongeza chembe nyekundu za damu, na damu ikizidi kuwa nzito ni hatari. Ndiyo maana damu hupimwa kabla ya kuanza na kila baada ya miezi michache mwanzoni. Sauti ikishakuwa nzito hairudi, hata ukiacha dawa. Hedhi kwa kawaida hukoma, lakini mimba bado inaweza kuingia. Kama utataka watoto baadaye, mwambie daktari mapema.

Huna ugonjwa wa akili kwa kuwa hivyo. Shirika la Afya Duniani limeliondoa jambo hili kwenye kundi hilo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Ila hiyo huzuni ya kutotamani kuamka isisubiri: muone mshauri wa saikolojia wiki hii. Ukiwaza kujidhuru, ni leo.

Nyumbani, anza kwa kumwambia mmoja tu, yule anayetunza siri.