Siku hizi sisemi "njoo kesho"

Wiki iliyopita dada mmoja, naye fundi cherehani, aliniandikia: "Dada, nia ya kuwa mwaminifu ninayo, lakini kila nikijitahidi narudi kulekule. Wewe uliwezaje?" Nilimjibu kwa kifupi. Leo nataka nimjibu kwa kirefu, maana mfungo uliopita nilipokea gauni 36, na usiku wa kuandama mwezi sikubakiwa na hata moja. Miaka yote niliyoshona hapa Magomeni, hilo halikuwahi kutokea, na najivunia.

Nimelelewa na bibi aliyetuimbia kila siku kwamba ahadi ni deni. Nilipopata fremu yangu ya kwanza niliyaandika maneno hayo kwa herufi kubwa, nikayabandika ukutani juu ya cherehani. Na chini ya maandishi hayohayo nilikuwa nadanganya watu kutwa nzima. Mteja akiuliza "lini?", mdomo unajibu "Ijumaa" kabla kichwa hakijafikiri. Ijumaa akija, nguo haijakatwa. "Umeme ulikatika, mama, njoo kesho." Mafundi wenzangu mnanielewa.

Mwaka 2019 mama mmoja aliniletea kitenge, yadi 6, gauni la sendofu ya bintiye. Siku ya shughuli, saa tisa alasiri, akaja ameshasukwa, hina imekolea, amebakiza kuvaa tu. Mikono ya gauni bado iko mezani, haijaungwa. Hakunitukana. Alisimama akayasoma maandishi ya ukutani kwa sauti, wateja wengine wanasikiliza, kisha akakusanya vipande vya kitenge chake akaondoka. Binti yake aliagwa huku mama amevaa gauni la zamani. Nilimpelekea pesa ya kitambaa, akaikataa. Mpaka leo tukikutana sokoni anageuza uso. Inaniuma, wala sitaki iache kuniuma.

Usiku ule niliyabandua yale maandishi. Kesho yake nikanunua kauntabuku, nikaanza kuandika muda: kupima, kukata, kushona, kupiga ovaloki, kupiga pasi. Gauni moja la mshono wa kawaida lilinichukua saa 6. Siku yangu, ukiondoa swala, chakula na wateja wanaokuja kuuliza bei, ina saa 9 za kazi. Maana yake ni gauni moja na nusu kwa siku, gauni 9 kwa wiki ya siku 6. Na mimi nilikuwa napokea hadi 20! Sasa niambie, ningekuwaje mkweli? Uongo wangu haukuanza Ijumaa mteja aliporudi. Ulianza pale nilipopokea kitambaa cha 10.

Kwa hiyo kila ukurasa wa daftari langu ni wiki moja na una mistari 9. Ikijaa, mteja namwandika wiki inayofuata, au namwelekeza kwa fundi mwingine. Kwenye Ramadhani nahesabu siku 29, siyo 30, kwa sababu mwezi unaweza kuandama mapema. Siku hiyo moja imewaumbua mafundi wengi. Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu, kodi ya fremu ilichelewa, yakapita.

Dada yangu, usiniambie una nia. Nionyeshe iko kwenye ukurasa gani. Unasema mama yako ni wa kwanza: unampigia siku gani, saa ngapi? Unasema unamcha Mungu: unajibu nini mteja akikuuliza "lini?" Ukweli una mahali pake, napo ni palepale mtu anapokuangalia machoni akisubiri umwambie neno la kumfurahisha. Ukiteleza hapo, cherehani haitakuokoa, hata ukikesha. Andika. Hesabu. Kataa kazi isiyo na nafasi. Nasema tena, kataa, hata kama mkoba ni mtupu, maana pesa ya kitambaa kitakachomharibia mtu sherehe yake si riziki.

Jana jioni mama mmoja alikuja na kitambaa kizuri sana, anataka gauni Jumamosi, na yuko tayari kulipa mara mbili. Nikamfungulia daftari, akaona mistari yote 9 imejaa. Akasonya, akakunja kitambaa chake akaenda zake. Nami nikarudi kwenye mkono wa gauni la mteja wa Alhamisi.