Re: Hisa za Apple nikiwa Lubumbashi

Jambo ndugu. Una dola 200, unataka hisa za Apple, na programu ya kununulia hisa inakukatalia ukichagua Kongo. Kabla ya kutuma chochote, tazama kama dalali (kampuni inayokununulia hisa) anapokea wakaaji wa RDC, yaani Kongo yetu. Usidanganye nchi, nakuomba sana: wataomba pasipoti na uthibitisho wa makazi, na pesa zako zinaweza kuzuiliwa humo. Kisha uliza benki ada ya kutuma dola nje. Kwa mtaji mdogo ada hiyo ndiyo inayotula. Gawio (sehemu ya faida anayolipwa mwenye hisa) la Marekani kwetu hukatwa kodi ya 30%.

Mimi ningeanzia soko la hisa la Nairobi: KCB, benki ya Kenya yenye hisa nyingi katika benki yetu ya TMB, wako kwenye soko lile. Utafungua akaunti ya CDS, inayotunza hisa zako, kwa dalali mwenye leseni ya Kenya. Anayetaka umtumie kwenye namba yake binafsi, mwache.